Usiku wa harmonika

Kwa miaka mingi, David Bowie wangu, yule mwanamuziki Mwingereza, alikuwa ameishia kwenye nyimbo za mwaka 1980. Albamu zake za miaka ya sabini nilizijua nje ndani, hasa Low na Heroes, zote za 1977, na zilizofuata niliziona makapi. Kaka yangu hakukubaliana nami hata siku moja. Ijumaa ya tarehe 8 Januari 2016, Bowie alipotimiza miaka 69 na kutoa albamu ya Blackstar siku hiyohiyo, kaka alinitumia ujumbe: "Mdogo wangu, usiikimbilie hiyo mpya. Anzia Heathen, uje nayo taratibu."

Jumamosi usiku nikajifungia na hedifoni. Heathen, ya 2002, niliipitia juujuu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika mbele. Nilichoondoka nacho ni ile sauti, imeshuka, ina mikwaruzo kidogo, na Tony Visconti, mtayarishaji wake wa tangu zamani, hakujaribu kuificha. Reality ya 2003 ikapita. Baada yake nilijua kilichotokea: mwaka 2004, akiwa ziarani Ujerumani, moyo ulimsumbua, akafanyiwa upasuaji, kisha ukimya. Karibu miaka kumi bila albamu.

The Next Day ya 2013 ndiyo iliyonikalisha kitako. Jalada lake ni lilelile la Heroes, ila katikati pamebandikwa mraba mweupe unaoufunika uso. Siku zote nililiona jalada hilo kama kazi ya mtu aliyechoka kufikiri. Usiku ule nikaliona upya. Uso niliokuwa nikiung'ang'ania mimi, mwenyewe alikuwa ameshauziba. Humo ndani kuna wimbo wa polepole ambao anazunguka Berlin ya ujana wake akizitaja sehemu kwa majina, Potsdamer Platz, KaDeWe, kwa sauti ya mtu anayetembea akishika ukuta. Niliurudia mara nne. Kijana wa 1977 asingeweza kuuimba.

Jumapili ikawa zamu ya Blackstar. Nyimbo saba tu, na ule wa kwanza unakaribia dakika kumi. Alikuwa amewachukua wapigaji wa jazi wa New York: saksafoni ya Donny McCaslin inalia, inakoroma, inakaribia kupasuka, na dramu za Mark Guiliana hazitulii mahali pamoja. Sikuielewa yote. Ila wimbo wa mwisho ulipoanza, nikasikia harmonika ikiingia kwa mbali, nikashtuka. Naijua hii! Nikasimamisha, nikaitafuta Low, nikaenda moja kwa moja kwenye ule muziki usio na maneno unaofunga upande wa kwanza wa santuri. Ndiyo hiyohiyo. Miaka 39 katikati, na alikuwa ameifuata hukohuko nilikokuwa nimemwacha mimi. Nilikaa gizani na hedifoni shingoni, nina furaha ambayo hata sasa nashindwa kuieleza.

Jumatatu asubuhi simu ikaita.

"Umesikia?" kaka akauliza.

"Nimesikia yote, kaka! Na ile harmonika ya mwisho, umegundua imetoka wapi?"

Kimya.

"Bowie amefariki," akasema. "Jana. Kansa."

Sikuwa na la kusema. Albamu niliyoimaliza usiku, ikiwa na umri wa siku mbili, niliisikiliza kama ya mtu aliye hai. Kaka naye alikuwa akipumua tu upande wa pili. Baadaye akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kwenye Heathen nilikisikia kile kinanda kidogo cha kugusa kwa kalamu, stailofoni, kilekile kilichosikika kwenye Space Oddity mwaka 1969.

"Sikukisikia," nikamwambia.

"Kipo kwenye Slip Away. Rudi, mdogo wangu."

Nikavaa hedifoni, nikarudi.