"Kwani si tungetuma DNA tu?"

Nilidhani nikilala itapita. Haikupita, basi naandika.

"Dada, kwani si tungetuma DNA tu?"

Ni yule kijana wa mafunzo, yule niliyewasimulia kwamba huvaa glavu hata akienda kuwasha kompyuta. Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa na dharau ningemjibu palepale. Alikuwa amesimama mlangoni na trei ya sahani za petri, mimi nimeinamia hadubini, shingo imekakamaa, nafuata uzi mmoja wa Rhizoctonia solani, kuvu inayoshambulia mazao, nikitaka kujua ni ya kundi gani, na uzi wenyewe unazunguka bila kufika popote.

"DNA nayo tutatuma," nikasema.

"Sasa hii ya nini?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Lete hizo sahani." Ndiyo jibu nililompa, mtu mzima mimi, na miaka yote hii ya kazi.

Tangu siku hiyo namjibu peke yangu. Namjibu nikioga, nikimsuka binti yangu, nikipanga foleni. Wiki hii mkataba wangu umeongezwa na kaka amepata mtoto wa kike, na nilipompigia kumpongeza nusu ya akili ilikuwa bado pale mlangoni.

Jibu langu la bafuni huanza hivi: kuvu hii haikurahisishii kazi. Nyingine unazitambua kwa umbo la spora zao. Hii ukiiotesha kwenye sahani hupati spora, unapata nyuzi za kahawia na vidonge vigumu vyeusi. Unabaki kutazama matawi: yanachipuka karibu pembe mraba, yamebanwa shingoni, na ukuta wa kugawa seli uko hapo karibu na shina la tawi. Ukiipaka rangi ukaona kila seli ina viini zaidi ya viwili, umejua ni R. solani, na bado hujajua kitu. Julius Kühn aliipa jina hilo mwaka 1858 akiwa ameikuta kwenye viazi, lakini chini ya jina hilo moja wamejificha ndugu wasiofanana tabia. Tunawaita AG, yaani makundi ya kuungana, na kila kundi lina namba yake. AG-3 inajulikana zaidi kwa viazi. AG-8 hula mizizi ya ngano na shayiri. AG-1 IA huozesha ala za majani ya mpunga. Mkulima anayetaka kubadilisha zao ili udongo upumzike lazima ajue ni ndugu yupi anaishi shambani kwake, la sivyo anamhamishia chakula kingine.

Na ndugu hao walijulikana kwa kukutanishwa. Unapaka agari, ile jeli ya kuoteshea, nyembamba juu ya kioo, unaweka sampuli yako upande huu na ile ya kundi linalojulikana upande wa pili, unaziacha zikue mpaka ncha zao zipitane. Zikiungana, ni kundi moja.

Hotuba nzuri, sivyo? Tatizo ni kwamba kijana ana hoja. Mfuatano wa ITS, kipande cha DNA kinachotumika kutambua kuvu, mara nyingi unakupa kundi bila kukuvunja shingo. Sampuli nyingine zimechoka, haziungani hata na nafsi zao. Zile za AG-BI zinaungana na makundi kadhaa, nenda kapange hapo. Haya yote nayajua. Nadhani aliposema "hii ya nini" mimi nilisikia "wewe wa nini".

Halafu ikaja Ijumaa. Sampuli ya viazi, mbele ya AG-3. Ncha moja ilikuwa imepinda kabisa kuifuata nyingine, zimegusana, ukuta umeyeyuka pale katikati. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, seli za pande zote mbili za kiungo zilikuwa zimeanza kufa: umajimaji wake umekuwa chengachenga, kisha zikabaki maganda matupu, huku seli za mbali kidogo zikiendelea na maisha yao. Hiyo ndiyo C2, katika ngazi tunazopimia kuungana kwao. Ni wa kundi moja, lakini si uzao uleule. Wangekuwa uzao mmoja, C3, wangeungana bila kifo. Wangekuwa wa kundi jingine, wangegusana tu au wapishane.

Nikamwita. Akatazama kimya.

"Wameuana?"

"Wameungana kwanza."

Akavua glavu ili ashike vizuri kirungu cha hadubini cha kurekebisha picha ionekane wazi, na niliposema zamu yangu akasema, "Dada, subiri kidogo." Nilisubiri karibu mpaka saa ya kufunga maabara. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, watu wakinitazama.

DNA tumeituma, majibu yatakuja.

Mama amesema tena kichwa kinamuuma, upande uleule wa kushoto. Akaongeza "si kitu" kwa ile sauti anayoitumia kwenye mambo ambayo ni kitu. Kaka sasa ana mtoto mchanga, sidhani kama atapata nafasi ya kumpeleka hospitali. Jumatatu ninatakiwa kazini asubuhi, na mama mkaidi, peke yake hatakwenda.