Nyuki Ndani ya Ampu

Sisi wa Tabora tunaijua sauti ya nyuki. Ukipita chini ya mti uliotundikwa mzinga, unajua kama kundi limo kabla hujainua macho. Ndiyo maana kwenye harusi ile ya Isevya, sheikh alipoinua mikono kuomba dua na ukumbi mzima ukanyamaza, mzee mmoja wa meza ya mbele alianza kukagua dari. Alidhani nyuki wameingia. Ilikuwa ampu yangu, lile boksi linalokuza sauti ya gitaa.

Niliinunua mtumba, wati 30, ikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam imeviringishwa kwenye shuka. Gitaa lenyewe ni la kawaida, lina pikapu tatu za koili moja moja (pikapu hapa si gari, ni zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, na koili ni waya mwembamba uliozungushiwa sumaku). Nyumbani nilikuwa nausikia ule mvumo, nikauzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Ukumbini tulipounganisha ampu na mikisa, mashine inayochanganya sauti za vyombo vyote, ukatoka kwenye spika kubwa na kila mtu akausikia. Mji huu umetoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wazee wake wana masikio. Niliona aibu.

Wiki iliyofuata nilifanya makosa yote ya mtu mwenye haraka. Nikanunua waya mpya wa gitaa. Kumbe niliouziwa ni waya wa spika uliofungwa jeki za gitaa: ndani kuna nyaya mbili zimelala ubavu kwa ubavu, basi. Waya wa gitaa unatakiwa uwe na wavu wa shaba unaouzunguka ule wa katikati, na huo wavu ndio unaokinga kelele za nje, kwa sababu umeme unaotoka kwenye pikapu ni mdogo mno na ampu inaukuza pamoja na uchafu wote ulioshikamana nao. Kwa hiyo nilitoa pesa kununua kelele zaidi. Nikabadilisha na nyuzi, jambo lisilohusiana kabisa, ila roho ilitulia kidogo kuona nimefanya kitu.

Halafu mpiga besi wetu akaja na dawa yake. "Mwanangu, we toa ethi tu, itatulia." Ethi ni ule waya wa tatu wa usalama, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Akachukua plagi ya miguu miwili, akasukuma tundu la juu la soketi kwa kifuniko cha kalamu kama tunavyofanya wote majumbani, akachomeka. Kweli, mvumo ukapungua sana papo hapo. Tulishangilia kama tumefunga goli.

Dakika kumi baadaye dada anayetuimbia aliniomba gitaa apime sauti yake. Mkono ukiwa kwenye nyuzi, mdomo ukagusa maikrofoni. Umeme ukamchapa mdomoni, akaliachia gitaa likaanguka. Hakuumia, ila siku ile hakuimba tena, na sikumlaumu. Baadaye nilisoma habari za Les Harvey, mpiga gitaa wa Uskoti, aliyekufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 baada ya kushika maikrofoni isiyo na ethi huku ameshika gitaa. Tangu hapo plagi ya bendi yetu haiguswi. Mtu akinishauri nitoe ethi namwambia atoe kwanza breki za bodaboda yake, zinapiga kelele pia.

Jumatatu nikaibeba ampu hadi Kanyenye kwa mzee anayetengeneza redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ina nini hiyo?"

"Inaunguruma."

"Inaungurumaje?"

Sikuwa na jibu. Mzee akaisukuma ampu kurudi upande wangu. "Rudi nayo nyumbani ukaisikilize. Chomoa kimoja kimoja. Ukijua inaungurumaje, njoo."

Nilikasirika, maana Kanyenye hadi kwangu si karibu na ampu si nyepesi. Lakini usiku ule, watoto wamelala, nikafanya alivyosema.

Kwanza nikachomoa kila kitu, ikabaki ampu na umeme wake. Bado ilivuma, chini chini. Nikazungusha voliumu kutoka mwanzo hadi mwisho, mvumo haukupanda wala haukushuka. Hapo nikaelewa kwamba kelele hii inaingia baada ya voliumu, huko kwenye sehemu ya umeme, na gitaa halina hatia nayo.

Halafu nikachukua gitaa nikautafutia ule mvumo noti. Hili sikufundishwa na mtu na ninajivunia. Nilipopiga uzi mnene kabisa kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vya shingoni), yaani noti ya G, noti na mvumo vikakaa pamoja karibu kabisa. G ile ni kama mitetemo 98 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na ukipita kwenye daiodi za ampu, zile zinazougeuza uende upande mmoja tu, unabaki na mawimbi ya hezi 100 ambayo kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme, zinatakiwa kuyalainisha. Kama mvumo ungekuwa G ya chini yake, ile ya freti ya tatu kwenye uzi mnene wa besi, karibu na hezi 50, ningeshuku ethi au transfoma. (Ukitazama video za Wamarekani usifuate noti zao, umeme wao ni wa hezi 60.)

Kesho yake nikarudi Kanyenye. "Mzee, ni ya hezi mia, na haifuati voliumu." Akanitazama juu ya miwani, akachukua bisibisi bila kusema neno. Kapasita mbili za mikrofaradi 4700 zilikuwa zimevimba vichwa. Akazimaliza umeme uliobaki kwanza, kisha akaweka mpya. Ampu ikiwa peke yake sasa ilikuwa kimya. Nikamuuliza kama ampu za valvu, zile za zamani zenye taa za kioo ndani, nazo hutengenezwa hivyo hivyo. Akasema hizo usifungue kabisa, zinabaki na volti mamia hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Nikadhani nimemaliza. Nikachomeka gitaa kwa waya wangu wa zamani, nyuki wakarudi, ingawa wachache. Voliumu ya gitaa ikiwa sifuri, kimya. Nikiifungua, kelele. Kwa hiyo zilianzia kwenye gitaa lenyewe, na nilipotega sikio zilikuwa mbili. Moja ni "zzz" kali iliyopungua nikigusa nyuzi. Nyingine ni mvumo mzito uliobadilika kadiri ninavyogeuka. Nilizunguka sebuleni kama mtu anayetafuta kibla hadi nikapata upande ulio kimya.

Ile zzz niliitibu kwa foili ya jikoni. Nilifungua gitaa, nikatandika foili kwenye mashimo yote na nyuma ya plastiki ya mbele, vipande vikigusana, kisha nikaiunganisha na ethi ya gitaa. Alumini haikamati solda ya kawaida, kwa hiyo nilibana waya kwa skrubu. Nilipofunga, gitaa likawa bubu kabisa. Ncha ya jeki ilikuwa inagusa foili. Nikafungua tena, nikaweka tepu, likaongea.

Mvumo mzito haukujali foili, kwa sababu ni sumaku ya transfoma inayoingia kwenye koili. Dawa yake ya kweli ni pikapu ya koili mbili zilizosukwa kinyume ili kelele zijifute zenyewe, aliyoibuni Seth Lover huko Gibson mwaka 1955. Sina pesa hiyo. Ila kwenye gitaa langu koili ya katikati imesukwa kinyume na zenzake, kwa hiyo nikiweka swichi nafasi ya pili koili mbili zinafanya kazi kwa pamoja na mvumo unapotea. Si magitaa yote yako hivyo, jaribu la kwako. Mimi pia nasimama mbali na ampu, hatua tatu au nne.

Kuhusu kule ukumbini, mikisa ilikuwa inachukua umeme ukuta wa nyuma na ampu jukwaani, huku waya wa sauti ukiziunganisha. Ethi zikawa zimefanya mzunguko, na mzunguko huo ukaongeza mvumo. Sasa vyote viwili vinachukua kwenye soketi moja, kwa ekstensheni nzima ya nyaya tatu. Hiyo ndiyo kazi ambayo kifuniko cha kalamu kilijifanya kuifanya.

Jambo moja bado linanishinda. Ukumbi ule una friji ya soda kwenye laini ya jukwaa, na ikiwaka kelele zinarudi. Huwa naichomoa dua ikikaribia, kisha nairudisha. Mwezi uliopita nilisahau kuirudisha, na mwenye ukumbi alikata kreti mbili za soda za moto kwenye malipo yetu. Mpiga besi bado ananidai.