Nilivyofikisha mabuibui yangu Amu kutoka Guangzhou

Mwaka 2018 nilifunga duka langu la mabuibui hapa Amu, kisiwani Lamu, nikaenda Guangzhou, China, kununua mwenyewe. Nilichukua mtaji wangu na akiba ya kikoba chetu cha mtaa wa Langoni. Zikipotea, zimelia nyumba nane.

Nilifika usiku. Nyumba mbili za wageni zilinikataa, zikisema hazipokei watu wa nje. Nikapata chumba kwa mtu, mtaa wa Xiaobei. Mtaa huo ulikuwa umejaa Waafrika: Kifaransa hapa, Kihausa pale, Kisomali kule. Kiswahili sikukisikia, na nilikihitaji kama maji.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nikaenda kuswali msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa huko husema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Nje, kwenye moshi wa mishkaki, mama mmoja alikuwa akipatana bei kwenye simu kwa lafudhi ya Unguja. Nilimsubiri amalize.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika lini? Umeshajiandikisha polisi?"

Sikuwa na habari. Akanieleza: ukilala hotelini, hoteli hukuandikisha. Ukikaa nyumba ya mtu, wajibu ni wako, ndani ya saa 24. Zangu zilikuwa zinakwisha. Alinifuata kwa mwenye nyumba, tukaenda kituoni watatu, nikaandikwa. Kisha akanipeleka kwake akanipikia pilau. Nililia mbele ya sahani ile.

Yeye ndiye aliyenifundisha kununua. Dukani nilionyeshwa buibui la mfano, kitambaa cha nida nzito, nikataka kulipa fedha zote palepale. Akanishika mkono: "Toa arubuni ya theluthi. Salio siku ya kufungua marobota." Siku hiyo tulifungua moja moja. La tano lilikuwa kitambaa chepesi, ukikiinua unaona taa upande wa pili. Muuzaji alibadilisha, kwa sababu fedha zangu bado nilikuwa nazo. Ningelipa yote siku ya kwanza, ningemwambia nani, na kwa lugha gani?

Mzigo wangu ulikuwa mita mbili za ujazo, haujazi kontena. Wakala Msomali aliuunganisha na mizigo ya wengine. Niliandika jina kwa wino mwekundu kila upande wa robota. Mombasa nikautoa, lori hadi gati la Mokowe, mashua, kisha punda mpaka mlangoni.

Aprili 2020, kwa hofu ya korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa nyumbani mwao na hoteli zikawakataa. Yule mama alikuwa mmoja wao. Alinipigia kutoka barabarani, na begi lake. Tulichanga usiku uleule, wanakikoba wote wanane, tukampelekea kupitia kwa yule wakala. Zilipita siku nyingi ndipo ikaingia picha kwenye simu yangu: sufuria ya pilau, juu ya jiko la chumba kipya.