Huzuni isiyoona asumini

Kwa wanaotunga taarabu: ukitaka kuimba mtu aliyezibwa macho na huzuni, neno "huzuni" liache nje ya ubeti. Weka kitu kizuri kinachopita, kisha mwimbaji akikose.

Asumini mlangoni, yanukia sisikii
Mwezi umo dirishani, macho yangu hayatui
Nangoja wa safarini, hata leo hatokei

Mishororo mitatu, kila mmoja mizani (yaani silabi) 16, nane kwa nane. Kina cha kati ni "ni", cha mwisho "i". Asumini nimeichagua kwa sababu hufunguka jioni na kesho yake imenyauka, kwa hiyo msikilizaji anajua kinachopotea bila kuambiwa.

Mizani huharibikia kwenye mstari wa pili. Wengi wataandika "Mwezi wapita dirishani". Hesabu: mwe-zi-wa-pi-ta-di-ri-sha-ni, tisa, na mwimbaji atalazimika kumeza silabi moja. "Mwe" ni mizani moja, lakini "m" ya "mlangoni" inasimama peke yake. Hapo ndipo wanaoanza hukosea sana.

Kosa kubwa zaidi, na linaniuma kila nikilisikia, ni kuusifu mwezi kwa mishororo miwili: mng'aro, duara, rangi ya fedha. Aliyeuona hivyo hajazibwa macho! Utaje tu, upite. Sifa waachie fidla na ganuni, ala ya nyuzi nyingi, baina ya beti. Na "hatokei" ivutwe mwishoni, kwa pumzi moja, kabla ala hazijaingia.