Mate katika mirija mitatu
Leo nimewaongoza wanafunzi wa kidato cha tatu katika jaribio ninalolipenda kuliko yote ya biolojia. Tulitia mate na maji ya wanga katika mirija mitatu: mmoja ukakaa kwenye barafu, wa pili kwenye maji ya nyuzi joto 37, na wa tatu ukapewa mate yaliyokwisha kuchemshwa. Baada ya muda tulidondosha tone la kila mrija juu ya iodini kwenye kigae cheupe. Mrija wa pili pekee uliiacha iodini na rangi yake ya hudhurungi, kwa kuwa kimeng'enya cha amilesi, yaani protini ya mate inayoharakisha umeng'enyaji, kilikuwa kimevunja wanga kuwa sukari. Matone mengine yalikuwa meusi kama wino, maana iodini hugeuka nyeusi inapokutana na wanga.

Ndipo binti mmoja akauliza: "Mwalimu, hiyo miwili imeharibika kwa namna moja?" Nililifurahia mno swali hilo. Tuliihamisha yote kwenye maji ya vuguvugu, na ule wa barafu ukazinduka, kwani baridi hupunguza tu mwendo wa molekuli. Ule wa mate yaliyochemshwa ulibaki kutoa weusi uleule, maana joto kali huvuruga umbo la protini ya kimeng'enya, na wanga haupati tena pa kujishikiza.