Magunzi yamekubali kuwaka usiku kucha

Saa kumi na moja na robo alfajiri ya leo nimeingia bandani na tochi, nikakuta jiko bado linaunguruma. Vifaranga wametawanyika sakafu nzima, hakuna waliorundikana, na kipimajoto nilichokitundika usawa wa migongo yao kinasoma 33. Nje ni nyuzi 7. Tangu saa mbili usiku jiko limekula magunzi matupu, bila punje ya peleti (vijiti vifupi vya maranda yaliyoshindiliwa), na mimi sijaamka hata mara moja kwenda kuvunja jiwe la majivu kwa bisibisi. Usiku wa namna hii nimeusubiri tangu Aprili.

Kwa ambao hawakufuata kumbukumbu zilizopita: jiko ni la peleti, la mtumba, lilitoka Italia na kushuka bandarini Dar kabla ya kupandishwa huku Njombe. Moshi unatoka nje kwa bomba, hewa safi ya moto naielekeza kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, yenye vifaranga 300. Niliachana na jiko la mkaa wa miwati mwaka juzi, baada ya usiku mmoja kuniulia vifaranga 41. Hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu na haina rangi. Ukifunga banda ili lisipoe, ndio umewafungia ndani. Tangu siku ile sitaki moto wowote unaopumulia ndani ya banda langu.

Peleti za maranda ya paina zilifanya kazi vizuri sana, sina ugomvi nazo. Majivu yake hayafiki asilimia 1. Shida ni kwamba maranda niliyokuwa napewa bure sasa yanauzwa kwa gunia, wakati kila nyumba hapa baada ya kupukuchua inabaki na lundo la magunzi ambalo linaoza au linachomwa uwanjani. Niliahidi kwamba hatua inayofuata ingekuwa kuyageuza magunzi kuwa peleti kwa kutumia wanga wa muhogo kama gundi. Mpango huo nimeuacha. Nilipoyaparaza kwa mashine bila chekeche ndogo, yakatoka vipande vya ukubwa wa maharage, na vipande hivyo vinapita vyenyewe kwenye skrubu inayolisha moto wa jiko. Sioni sababu ya kulipia umeme wa kuvishindilia halafu nivichome.

Kuhusu uzito, pima kabla ya kugusa mipangilio. Ndoo yangu ya lita 20 inabeba kilo 13 za peleti, lakini magunzi yaliyoparazwa ni kilo 4.6 tu. Kwa hiyo skrubu lazima izunguke karibu mara tatu ya muda wa awali, na tangi la juu halitoshi usiku mzima. Fundi bati amenitengenezea shingo ya kuongezea juu ya tangi, sasa linameza ndoo mbili, ambazo ndizo kilo 9 na kidogo za usiku mmoja. Ukavu napima kwa chumvi, kama tunavyopima mahindi: vipande kiganja kimoja na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani.

Na hewa. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa kama moja ya tano kuliko ya pwani. Feni iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya nyumba ya bondeni haileti oksijeni ya kutosha. Mwezi mzima niliishuku mota ya feni, nikaifungua mara mbili, kumbe ilikuwa nzima. Nilipoongeza mwendo, moto ukabadilika kutoka rangi ya chungwa yenye moshi kuwa wa njano unaosimama.

Sasa nifike kwenye jiwe.

Magunzi yana potasiamu nyingi. Majivu ya paina huvumilia zaidi ya nyuzi 1,200 kabla hayajaanza kulainika. Ya magunzi yanaanza kunata hata kabla ya 1,000, na katikati ya kikombe cha moto, pale magunzi yanapoungulia, joto hilo linafikiwa bila shida. Yanayeyuka, yanatiririka hadi kwenye matundu ya hewa ya chini, yanakutana na hewa baridi na kuganda pale pale. Nililolitoa usiku wa tarehe 4 Juni nimeliweka hapa mezani. Ni duara la ukubwa wa kitako cha chupa ya soda, kijivu chenye ukijani, juu lina mapovu, chini ni laini kama kioo, na limebeba vinundu kumi na viwili vilivyochongwa na matundu ya kikombe. Kila tundu lilizibwa kwa ustadi. Ilichukua saa mbili na dakika arobaini tangu kuwasha hadi moto kukosa pumzi. Kila usiku, saa mbili na dakika arobaini, wakati mwingine pungufu kidogo. Niliweka kengele ya simu saa nne na nusu, saa saba, saa tisa na nusu. Mke wangu alihamia chumba cha watoto.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupoza moto kwa hewa nyingi. Jiwe likachelewa kwa nusu saa, lakini upepo ukawa unarusha vile vipande vyepesi nje ya kikombe kabla havijaungua.

La pili lilikuwa kaolini, na hili ni jaribio zuri ambalo bado naliheshimu. Udongo mweupe wa Pugu unaishika potasiamu na kutengeneza madini yasiyoyeyuka kirahisi. Nilipata mfuko kwa mfinyanzi, nikaweka gramu 30 kwa kila kilo ya magunzi. Ukichanganya mkavu, unga wote unashuka chini ya tangi na haufiki kwenye moto. Inabidi uukoroge na maji uwe kama uji mwepesi, unyunyizie, ugeuze, uanike tena. Jiwe lilikufa kweli: badala ya kioo nikapata makombo yanayovunjika kwa vidole. Lakini majivu yaliongezeka zaidi ya mara mbili, na kuanika magunzi yaliyokwisha kukauka, katika Juni ya Njombe yenye ukungu hadi saa nne asubuhi, ni kazi isiyolipa. Kwa wanaotengeneza peleti, wekeni kaolini kwenye unga kabla ya kushindilia. Huko ndiko mahali pake.

La tatu ndilo lililonitoa: kutolizuia jiwe, ila kulinyima utulivu wa kuungana. Fimbo inapita mlalo ndani ya kikombe, ina meno matatu, inageuka mara moja moja na kukoroga majivu yangali laini. Majiko ya kuchomea punje za mahindi kule Marekani yana kifaa cha namna hii tangu zamani. Fimbo ya kwanza ilikuwa nondo ya milimita 10. Ikapinda usiku wa pili kama mshumaa ulioachwa juani. Ya sasa ni ya stenilesi, milimita 12, na mota yake ni ya waipa ya gari dogo, iliyonunuliwa kwa wauza spea chakavu.

Mota ya waipa ina nguvu ya ajabu kwa bei yake, kwa sababu ya ile gia ya minyoo iliyo ndani. Ila ina haraka. Ukiiachia, inatapanya makaa. Nikaiwekea taima ya kuipa umeme kwa sekunde moja kila dakika nne. Sekunde moja haikuwa sekunde moja: mota ikiwa baridi fimbo iligeuka robo tatu, ikipata moto iligeuka mzunguko na zaidi, kisha ikasimama popote ilipojisikia. Mara nyingi jino moja lilisimama mbele ya tundu la kiwashio, au likabaki limesimama wima katikati ya moto likiungua bure. Wiki tatu nilichezea sehemu za kumi za sekunde. Nikaandika programu kwenye Arduino, ile kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, nikaongeza sensa ya sumaku, sensa ikaungua, nikaihamisha, mtetemo ukailegeza. Niliandika ukurasa mzima wa vipimo na hakuna hata kimoja kilichodumu usiku mbili.

Ijumaa nilimpelekea mota jirani yangu, fundi umeme wa magari, anibadilishie brashi. Akaishika, akaangalia nyaya mbili nilizozikata na kuzifunga utepe.

“Kaka, hizi umezikata za nini?”

Nikamwambia sikuwa na kazi nazo, nilihitaji tu mwendo wa taratibu.

“Ukizima waipa katikati ya mvua, imewahi kusimama katikati ya kioo?”

Nilinyamaza kama dakika nzima. Waipa haisimami katikati ya kioo. Inarudi kwanza mahali pake chini, ndipo inalala. Ndani ya gia kuna sahani yenye pengo, na nyaya zile mbili ndizo zinazoendelea kuilisha mota hadi pengo lifike. Nilichokuwa nakitafuta kwa sensa na programu kilikuwa ndani ya mota tangu kiwandani.

Ufungaji wenyewe, kwa atakayetaka: rilei (swichi inayovutwa kwa umeme) ya kawaida ya magari yenye miguu mitano. Mguu wa kati unakwenda kwenye waya wa mwendo wa taratibu. Mguu unaofunga rilei ikivuta unapata volti 12. Mguu unaofunga rilei ikiachia unapata waya wa kurudi kwenye maegesho, yaani pale waipa inapolala. Waya wa mwisho wa sahani unapata volti 12 muda wote. Taima inaivuta rilei nusu sekunde, inatosha kuitoa fimbo kwenye maegesho; iliyobaki mota inajimalizia, na ikifika inajifunga breki yenyewe. Mzunguko mmoja kamili, kila mara, iwe baridi au moto. Fimbo niliifunga upya ili maegesho yawe pale meno yanapolala sambamba na sakafu ya kikombe, chini ya kiwashio. Arduino nimeirudisha kwenye droo.

Mota iko sentimita 30 nje ya ukuta wa jiko, na pale fimbo inapopenya nimezungushia kamba ya kuzibia mlango wa jiko. Msitoboe stenilesi kwa biti za bei rahisi. Inajikaza biti ikiisugua bila kuikata, na baada ya hapo inakuwa ngumu sana kutoboa. Biti ya kobalti, mwendo wa taratibu, mkono mzito, tone la mafuta ya kupikia. Tundu moja dakika sita, sikuharibu biti.

Kwenye sinia asubuhi hii kulikuwa na majivu mepesi ya kijivu na makombo, kubwa kuliko yote ni la ukubwa wa njugu. Matundu yote kumi na mawili yanaonekana.

Fimbo imeanza kulika kwenye jino la kati, kaliba inasoma milimita 11.6. Jumamosi namwomba fundi wa kuchomelea anivishe kipande cha bomba nene juu yake, kiwe ndicho kinachochakaa. Nilitaka baada ya hapo nishughulikie tangi kubwa zaidi, lakini jana jioni dereva wa lori ameniletea gunia la maganda ya kahawa kutoka Mbozi. Potasiamu yake ni mbaya kuliko ya magunzi. Limekaa karibu na mlango wa banda, na nimeshalipima kwa chumvi: ni kavu.