Nilivyolifanya gita langu lisikike kama gita

Siku niliyomwambia kaka yangu kwamba nimeagiza pikapu kutoka Mombasa, alinitazama kama mtu aliyeona punda akipanda ngazi. "Pikapu? Amu hii? Utaipitisha ndia gani?" Amu ndiyo Lamu, na vichochoro vyetu ni vya punda, si vya magari. Nikamweleza kuwa pikapu ya gita si gari. Ni kidude kinachochukua mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme, uende kwenye spika. Akasema basi afadhali ingekuwa gari. Miezi mitano iliyofuata nusura nikubaliane naye.

Napiga gita la kawaida, la nyuzi za chuma na tundu lake, siku za wikendi kwenye hoteli moja kule Shela, juu darini chini ya makuti. Muziki wa bango kidogo, zilizopendwa, na chochote mgeni atakachoomba ninachokijua nusu. Mwanzo nilikuwa natumia maikrofoni. Ndani ya chumba maikrofoni haina mpinzani, na hilo nakubali mpaka leo. Lakini kule juu kaskazi ikivuma, maikrofoni inasikia upepo, vijiko, mawimbi na bibi anayecheka meza ya tatu, kisha ndipo ikumbuke na gita. Ukisogea shubiri moja sauti imekimbia. Ukiipandisha, spika inapiga mbinja.

Muuzaji wa Mombasa alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Chukua piezo, weka chini ya tandiko, chomeka, piga." Tandiko ni ule ubale mweupe ulioingia kwenye daraja la gita, nyuzi zinapita juu yake. Piezo yenyewe ni kama utambi mwembamba unaolala chini ya ubale huo, nyuzi zikitetemeka nayo inabanwa na kuachiwa. Kama elfu tatu na kitu hivi, pamoja na nauli ya kifurushi mpaka gati la Mokowe, upande wa bara. Nikaifunga mwenyewe siku ileile, nikachomeka moja kwa moja kwenye miksa ya hoteli, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nikapiga kodi ya G, yaani noti kadhaa kwa pamoja.

Mtu akigonga sufuria ya alumini kwa msumari ndani ya bafu, ndiyo ile sauti. Hakuna mbao, hakuna tumbo, kila kidole kinatoa "tek". Kijana wa mitambo akaniambia ongeza besi, ongeza za juu, shusha za katikati. Nikafanya. Sasa ikawa sufuria ndani ya pipa. Akahitimisha kwamba gita langu ni bovu. Gita hilohilo ambalo nikilipiga kipandioni bila umeme jirani anafungua dirisha asikie!

Usimwamini anayekutibu kwa vitufe kabla hajauliza waya wako umechomekwa wapi. Mimi aliyeniuliza ni fundi wa redio mmoja wa mtaa wa Langoni, mzee anayetengeneza hata feni zilizoliwa na chumvi. Hajawahi kushika gita. Alishika ile kebo, akauliza, "Huku mbele inaingia kwenye nini?" Nikamwambia miksa, pale penye tundu la laini. Akacheka. Akanieleza kwamba piezo inatoa umeme mdogo mno, tone kwa tone, na mdomo ule wa miksa una ukinzani wa kama kiloomu 10 tu, yaani omu elfu kumi, kwa hiyo unayanyonya matone kabla sauti nzito haijapata kusimama. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Piezo yangu, uwezo wake wa kushika umeme aliupima kama nanofaradi 1. Kwa kiloomu 10, kila kilicho chini ya hezi elfu 16 hivi, yaani mitetemo elfu 16 kwa sekunde, kinaanza kuliwa, na hapo ni gita zima. Kwa megaomu 1, yaani omu milioni, mpaka huo unashuka hadi karibu hezi 160. Kwa megaomu 10, hezi 16. Uzi mnene wa E unalia kwenye hezi 82, kwa hivyo hapo umesalimika. Sauti yangu ya sufuria ilikuwa ndani ya bahasha ile, na muuzaji wangu hakuwa na habari.

Akaniundia priampu, kikuza sauti kidogo cha kukaa kati ya gita na miksa: transista moja ya aina iitwayo FET, rezista ya megaomu 10 mdomoni, vikapasita viwili vitatu, betri ya volti 9. Alitaka mia nane, nikampa elfu kwa furaha. Mara ya kwanza tuliitia kwenye kisanduku cha sabuni cha plastiki, ikavuma kama nyuki kila nikikaribia taa. Tukaihamishia kwenye mkebe wa bati wa peremende, waya wa ardhi umeunganishwa na bati lenyewe, kimya. Mpaka leo ukiutikisa mkebe unanukia mnanaa. Betri inakaa muda mrefu sana, ila mimi niliiacha imechomekwa Ramadhani nzima, Idi pili nikapanda jukwaani na gita bubu.

Basi besi ikarudi. Nikadhani nimemaliza. Ndipo nikasikia kwamba uzi wa D na wa G, zile mbili za katikati, hawapo. E zote mbili, za pembeni, zinasikika hadi kisiwa cha Manda, katikati kuna shimo. Nikipiga kodi ya D unasikia juu na chini, kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele.

Hapa nitasema ujinga wangu wote. Kuna mtu alinishauri nichomeke karatasi chini ya tandiko, mahali penye uzi ulionyamaza. Nikakata karatasi ya sigara. G ikaruka juu kuliko zote, D bado imelala. Nikaongeza ya pili, D ikaamka, A ikazimia. Wiki nzima nilikuwa nalegeza nyuzi, nachomoa, nakunja vikaratasi, mama anapita ananitazama, mwisho akaniuliza kama nimeanza kuvuta. Nikaachana na karatasi nikachukua msasa. Tandiko mkononi, msasa gotini, nikasugua chini yake kwa bidii ya mtu mwenye hasira. Nilipolirudisha E zote mbili zilikuwa zimetoweka na katikati kunapiga kelele. Nikasugua tena. Nikasugua tena. Mwisho likawa fupi mpaka nyuzi zikagonga vyuma vya shingo, na chini lina tumbo kama dau: ukiliweka mezani linayumba.

Nililipeleka kwa mzee mmoja anayechonga milango, karakana yake haiko mbali na nyumbani. Nilikwenda kuomba msasa mzuri zaidi. Aliliona, akaliweka kwenye ukingo wa rula ya chuma, akaliinua kwenye mwanga wa mlango.

"Ndoo hapa, mwanangu. Tezama."

Mwanga ulikuwa unapita pande zote mbili.

"Mlango ukilia, mtu hupaka mafuta bawaba," akasema. "Kumbe ni miimo haikukaa sawa. Hiki nacho hakikukaa."

Nikamwambia bwana fundi, nisaidie. Akaniambia hicho si cha kusaidiwa, ni cha kutupwa; nenda kwa muuza nyama ulete mfupa wa muundi wa ng'ombe. Nikauchemsha nyumbani kutwa, nikaubadilisha maji, nikaukwangua mafuta, nikauanika siku kadhaa. Harufu ile sitaieleza. Mama aliuliza supu iko wapi.

Kukata alikata kwa dakika chache, na hapo sina la kusimulia. Aliponikamata ni kwenye kusawazisha. Alilaza kipande cha kioo cha kujitazamia juu ya meza, kwa sababu meza ya seremala, alisema, ina uongo wake, kioo hakina. Juu ya kioo akabandika msasa mlaini. Chini ya tandiko akachora mistari ya penseli, midogo, mingi, kutoka ncha hadi ncha. Kisha akachukua kijiti cha mraba cha mninga, akaliegemeza tandiko ubavuni mwake lisiweze kulala wala kuyumba, akaanza kulivuta upande mmoja tu. Vuta, inua, rudisha. Hakusugua mbele na nyuma hata mara moja. Kila baada ya mivuto kumi analigeuza kutazama penseli. Kwanza ilifutika miishoni, katikati ikabaki. Akavuta. Ikabaki mistari minne. Akavuta. Mmoja. Akanipa nivute mara ya mwisho mimi, nikaona mstari ule ukiondoka na nusura nipige vigelegele.

Halafu akatia macho kwenye mfereji wa daraja, akauparua sakafu kwa patasi nyembamba kama kibiriti, akatoa donge la gundi ngumu la tangu kiwandani. Akapunguza kimo cha tandiko sawasawa na unene wa piezo, kwani inalinyanyua. Na likaingia mferejini kwa kidole, likatoka kwa kidole, bila kuinama. Likibana sana ubavuni halishuki kuigandamiza piezo, likilegea linainama. Malipo yalikuwa chai na mikate ya mofa, na kusikiliza lawama zake juu ya vijana wanaonunua milango ya mashine.

Nyuzi sita, zote sawa. Nilikaa barazani nikapiga uzi mmoja mmoja kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

Kilichobaki ni kuvuma. Darini Shela, sauti ikiwa kubwa, tumbo la gita linasikia spika na kuanza kuimba peke yake, "uuuum". Nilipandisha sauti kusudi mpaka ikavuma, nikaitafuta noti yake kwenye uzi mnene: kati ya G na A, yaani karibu hezi 100, pale ambapo hewa ya ndani ya gita langu inapenda kulia. Nikaishusha hapohapo kwenye ikwalaiza, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha kila sehemu ya sauti, si besi yote. Kisha nikapunguza kidogo kati ya hezi 1,500 na 3,000, ambako ule "tek" wa piezo unaishi. Za juu sikuzigusa. Anayekwambia utengeneze tabasamu kwenye vitelezi, besi juu na za juu juu, mwachie tabasamu lake. Na spika iwe mbele yako, si mgongoni. Hili nilidhani kila mtu analijua hadi nilipoona wanavyotupangia vyombo.

Dawa kubwa zaidi ni kuziba tundu. Kuna vifuniko vya raba vya kununua, ila nilikuwa sina hamu ya muuzaji mwingine. Lamu ndiko lilikojengwa Flipflopi, dau la plastiki za kutupwa lililofunikwa kwa ndara zilizookotwa, likashushwa majini 2018 na baadaye likafika hadi Zanzibar. Kama ndara inaweza kwenda Zanzibar, haishindwi na tundu la inchi 4. Nilichukua ndara moja mlangoni, nikachora duara, nikakata kwa wembe. Ikawa ndogo. Nikachukua na mwenzake. Safari hii nilikata kubwa kidogo na kuuchonga mfereji pembeni, raba ikashika ukingo wa tundu. Bila umeme gita linasikika kama limekula ndizi mbivu, lakini kwenye spika sauti ni ileile na uvumaji umekwisha.

Jumamosi ile ya kwanza kijana wa mitambo alikuja kuangalia maikrofoni nimeificha wapi. Nikamwonyesha mkebe wa peremende. Akaunusa.

Kaka yangu naye alikuja, mara yake ya kwanza. Alikaa meza ya mbele, akasikiliza nyimbo tatu bila kugusa simu, nami nikajua mwenyewe nini kimetokea. Nilipoinuka kunywa maji akainama mpaka kwenye gita, akaangalia raba ya buluu pale kwenye tundu, ambayo nilikuwa nimeitia upande wa chapa nje.

"Hii arubaini na nne," akasema, "ni ya nani?"